Urani ya Bahi: mbinu mpya za kuchenjua (kutenganisha urani na mwamba) zinatosha?

Wadau, tangu mtambo wa majaribio wa urani uzinduliwe Mkuju River, Namtumbo, Julai 2025, huku kwetu Dodoma swali la zamani limerudi: na ya Bahi na Manyoni je? Hoja ninayoisikia zaidi ni kwamba teknolojia imebadilika, hofu ya enzi zile urani ilipokuwa ikitafutwa huku imepitwa na wakati. Mimi nasema mbinu mpya zipo kweli, ila hazijibu swali la Bahi.

Urani ya huku imo karibu na uso wa ardhi, kwenye mfinyanzi na chokaa. Ukimwaga tindikali, chokaa inaimaliza kabla haijafika kwenye urani. Ndiyo maana Langer Heinrich kule Namibia, wenye mwamba wa jamii hiyo, wanachenjua kwa magadi yaliyopashwa moto. Siku hizi kuna hatua ya kutangulia: mawe yanasuguliwa na kuoshwa, chembe laini zenye urani zinatengwa na chokaa, hivyo kinachoingia kwenye matangi ni kidogo na kemikali zinapungua. Hayo ni maendeleo, siyabezi.

Shida ni kinachobaki. Kuchenjua kunaondoa urani tu. Rediamu na thoriamu, nazo zenye mionzi, vinabaki kwenye topesumu, yaani tope la mabaki ya uchenjuaji, pamoja na takriban asilimia 85 ya mionzi ya mwamba wa awali. Rediamu inahitaji miaka 1,600 ipungue nusu. Tena urani iliyoyeyushwa kwa magadi husafiri na maji kirahisi, bwawa la topesumu likivuja.

Na maji ya Bahi hayaendi popote. Mto Bubu unamwaga kwenye bonde la majimaji la Bahi, jua linayakausha, basi. Hakuna mto unaotoka kwenda baharini. Urani yenyewe ilijikusanya pale kwa njia hiyohiyo, na chumvi vilevile. Mama wa Bahi anakwangua udongo wa juu, anauchuja kwa maji, anachemsha mpaka chumvi inabaki sufuriani. Kitakachovuja kitafuata njia ya chumvi hiyo, na ya mpunga, na ya kambare.

*Mchangiaji wa kwanza:*
Mkuu, Namibia ni jangwa na inachimba miaka nenda rudi, leo iko kwenye tatu bora za dunia. Sisi tukae na utajiri chini ya ardhi, vijana wabaki vijiweni? Kazakhstan hata mashimo hawachimbi, wanayeyusha urani chini kwa chini kwa tindikali na kuivuta kwa visima. Hakuna vumbi, hakuna mlima wa mabaki.

*Mleta mada:*
Ndugu yangu, ajira ni hoja nzito na sitaikwepa. Ila njia ya Kazakhstan inataka mchanga unaopitisha maji, uliofunikwa juu na chini na tabaka lisilopitisha. Bahi ni mfinyanzi na chokaa karibu na uso, haifai. Na Namibia migodi inapata maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi. Dodoma bahari iko wapi? Mjini tunategemea visima vya Makutupora na bado mgao unatusumbua.

*Mchangiaji wa pili:*
Kwa hiyo msimamo wako ni kukataa moja kwa moja?

*Mleta mada:*
Hapana, dada. Nataka mambo mawili kabla ya leseni yoyote ya uchimbaji. Kwanza, topesumu isihifadhiwe ndani ya bonde lile, hata kama gharama ya kusafirisha itaua faida. Pili, Tume ya Nguvu za Atomu ipime sasa maji ya visima, samaki, mchele na chumvi, na majibu yabandikwe kwa Kiswahili kwenye ofisi za vijiji. Bila vipimo vya kabla, mwananchi atakayelalamika baadaye ataambiwa mionzi ilikuwepo tangu asili, naye hatakuwa na la kujibu. Mwenye kuona masharti haya yamezidi aje na sababu.