Tupeane uzoefu: umri wa kustaafu umefika, uko kazini au umepumzika?

Mwalimu Mstaafu: Wakuu, nimetimiza 60, utumishi wa umma Tanzania umenipumzisha. Ningeweza kuondoka kwa hiari nikiwa na 55, sikutaka. Jumatatu ya kwanza niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikapiga pasi shati. Mke wangu akauliza, "Baba Neema, safari ya wapi?" Nikakaa kitandani, shati mkononi. Dada yangu Leicester ana 64 na bado anaingia zamu. Wengine mkoje?

Dada wa Leicester: Mdogo wangu, nipo. Nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea. Nilipofika Uingereza, mwanamke alipata pensheni ya serikali akiwa na 60, mwanamume 65. Kuanzia 2010 umri wetu wanawake ukapandishwa kidogo kidogo, 2018 tukalingana nao, 2020 wote tukawa 66. Mimi wa Agosti 1961 nasubiri 67. Shemeji yako mgongo ulimtoa ghalani, kwa hiyo kodi ya nyumba iko juu yangu. Usiku kuna bibi namgeuza kitandani, nimempita miaka 3 tu. Nikishuka ngazi alfajiri nashika ukuta, magoti yanagoma.

Nesi wa Kisauni: Kenya walitusogeza kutoka 55 hadi 60 mwaka 2009, nami nilishaanza kuaga wodini. Miaka 5 ile ndiyo iliyomsomesha kitinda mimba wangu, namshukuru Mungu. Ila jirani yangu alikuwa na binti, nesi mwenye cheti chake, anangoja ajira. Kila asubuhi nilimkuta anafagia uwanja, mimi nimevaa sare. Ananiamkia vizuri, na mimi naona uzito kuitikia.

Mjukuu wa Paje: Bibi yangu hajaajiriwa maisha yake yote, analima mwani. Zanzibar tangu 2016 kila mwenye 70 anapata pensheni jamii, ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Bibi anapokea, ananunua mchele na sukari, na bamvua likifika, maji yakitoka mbali, anajifunga kanga anashuka pwani na kamba zake. Siku hizi maji yana joto, mwani unaoza, inabidi aende mbali zaidi.

Mwalimu Mstaafu: Shikamoo dada. Kila Jumapili tunaongea, magoti hujanitajia hata siku moja. Ukitoka zamu usilale kwanza, nakupigia.