Tupeane uzoefu: "shade" na "shadow", sie vyote twaita kivuli

Assalaam alaykum. Nasomesha Kiingereza skuli moja hapa Unguja, na kila mwaka kwenye insha nakutana na "we sat under the shadow of a mango tree". Nawaambia hivi: shade ni pahala jua halifiki, pa kukaa ukapumzika, haina umbo, kwa hivyo husemi "a shade". Shadow ni umbo la kitu lililolala chini au ukutani, nayo huhesabika. Chini ya mwembe, basi, ni "in the shade". Wenye kazi za wageni, ongezeni.

Nungwi
Hotelini kwetu shadow ni kitendo. Mwajiriwa mpya huambiwa "shadow" mhudumu mkuu: amfuate nyuma zamu nzima, aangalie anavyopokea wageni, asiguse kitu. Mgeni akitaka mwamvuli ufukweni atasema shade tu.

Muuza kanga, Darajani
Maalim, dukani shade inahesabika! Mteja akishika kanga ya buluu akasema "a lighter shade", anataka buluu hiyohiyo iliyopoa kidogo. "Darker" ni iliyokoza. Usimtolee ya kijani, ataondoka. Na wakisema shades wakati mwingine ni miwani ya jua.

Wete
Mie naona chuoni, kwenye Kurani, ndiko tulikofundishwa tofauti hii mapema, bila kujua. Alasiri huingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, ukiongeza kile kilichokuwapo jua lilipokuwa kati. Hicho ni shadow, kwa kuwa kinapimwa. Ile Hadithi ya watu saba watakaofunikwa na Mwenyezi Mungu siku isiyokuwa na kivuli ila kivuli chake, tafsiri za Kiingereza huandika shade, kwa kuwa pale ni hifadhi ya kukinga joto. Wanafunzi wangu wakisikia hivyo hawasahau tena.

Na mwanzoni mwa Machi na Oktoba, jua likipita utosini kwetu, watoeni nje adhuhuri na kijiti kilichosimama wima. Shadow yake karibu itoweke, na chini ya mwembe shade ipo tele.

Mwanzisha mada
Ahsante wa Darajani, ya rangi naiongeza kwenye somo. Wa Wete, kijiti nitakijaribu Oktoba inshallah. Na "waziri kivuli" wa bungeni ni shadow. Mwenye jozi nyengine kama hii ailete: mie nangojea ya "hand" na "arm", maana zote twasema mkono.