Je, matembezi marefu ya kutetea mazingira huleta matokeo ya kudumu?

Mchanga_wa_Mto:
Ndugu wanajukwaa, kikundi chetu cha vijana huku Ukambani kinajadili kutembea kwa miguu hadi Nairobi ili kupinga uchotaji wa mchanga mtoni, kwa sababu mchanga huo ndio unaotuhifadhia maji wakati wa kiangazi, na kadiri malori yanavyoumaliza ndivyo akina mama wanavyozidi kwenda mbali kuteka. Baadhi ya wenzetu wanatoa mfano wa wenyeji wa msitu wa TIPNIS nchini Bolivia, ambao mwaka 2011 walitembea hadi La Paz wakamlazimisha Rais Evo Morales kusimamisha ujenzi wa barabara. Wengine wanajibu kwamba sheria waliyoipata kwa jasho hilo iliondolewa mwaka 2017, na kwamba fedha za chakula na maji ya njiani ni afadhali alipwe wakili. Ningependa kuwasikia walioifuatilia habari hiyo kwa makini: ni nini hasa kilichowapa nguvu, na kwa nini ushindi wao haukudumu?

Mwl. Rehema:
TIPNIS ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1965, yenye zaidi ya hekta milioni moja kati ya majimbo ya Beni na Cochabamba, nayo ni makazi ya Wamoxeño, Wayuracaré na Wachimane. Ilitambuliwa kuwa ardhi ya wenyeji mwaka 1990, baada ya matembezi mengine kutoka Trinidad hadi La Paz, kwa hiyo watu wa 2011 walikuwa wakipita njia ambayo wazazi wao walikwisha kuipita. Safari hii serikali ilitaka kujenga barabara ya kilomita 306 kutoka Villa Tunari hadi San Ignacio de Moxos kwa mkopo wa benki ya maendeleo ya Brazil, na kipande chake cha katikati kingeipasua hifadhi.

Waliondoka Trinidad, mji ulio kwenye tambarare zenye joto, tarehe 15 Agosti, wakiwemo watoto na wazee, wakaingia La Paz tarehe 19 Oktoba baada ya kupanda milima hadi kimo cha zaidi ya mita 4,000. Kwa maoni yangu, nguvu yao ilitoka katika urefu huo wa muda. Barua inayowasilishwa asubuhi moja hugongwa mhuri ikawekwa kabatini, lakini watu wanaokaribia mji mkuu kwa miezi miwili, huku wakitangazwa kila jioni, huilazimisha serikali kutenda jambo, na serikali ya Morales ilitenda vibaya. Tarehe 24 Septemba, polisi wakiwa wamewazibia njia karibu na Yucumo, wanawake walimkamata Waziri wa Mambo ya Nje, David Choquehuanca, wakamtembeza mbele yao ili wapenye kizuizi. Siku iliyofuata polisi waliivamia kambi kwa mabomu ya machozi na virungu, wakawapakia watu ndani ya mabasi. Hapo ndipo miji ya njiani ilipoamka: wakazi wa San Borja waliifunga barabara ili mabasi yasipite, na wale wa Rurrenabaque wakauziba uwanja wa ndege ili waliokamatwa wasisafirishwe. Waziri wa Ulinzi, Cecilia Chacón, alijiuzulu kwa kupinga kitendo hicho, wa Mambo ya Ndani akafuata, na tarehe 24 Oktoba Morales akatia saini Sheria Namba 180 iliyokataza barabara kupita hifadhini.

Bandarini:
Nashukuru kwa maelezo ya Mwalimu, lakini nitaongeza sehemu ambayo wapenzi wa habari hii huiruka. Kabla mwaka haujaisha, jamii za kusini mwa hifadhi, ambako kilimo cha koka, mmea unaolimwa kwa ajili ya majani yake, kimeenea, nazo zilianza kutembea kuelekea La Paz chini ya baraza lao liitwalo CONISUR, zikidai barabara ijengwe. Zilisikilizwa haraka, kwa kuwa zilidai kile ambacho serikali yenyewe ilikitaka, na Februari 2012 ikapitishwa Sheria Namba 222 ya kuwauliza wakazi maoni upya. Wapinzani wa barabara walitembea tena hadi La Paz mwaka huohuo, na safari hiyo rais hakuwapokea. Kwa hiyo Sheria Namba 266 ya Agosti 2017, iliyoiondolea hifadhi ulinzi ule, haikuanguka kutoka mbinguni. Upande wa pili ulikuwa na miguu pia, tena ukapata na miaka ya kujipanga.

Fikirieni pia kwamba huenda msifike. Tarehe 1 Septemba 2024 mwanaharakati Sonam Wangchuk na wenzake waliondoka Leh, katika Ladakh kaskazini mwa India, kwenda Delhi kudai mamlaka juu ya ardhi yao ya milimani, ikiwa ni pamoja na hadhi ya jimbo. Walitembea karibu mwezi mzima, na usiku wa tarehe 30 wakazuiliwa na polisi mpakani mwa Delhi.

Wakili_Mstaafu:
Nijibu hoja ya wakili, ingawa nina masilahi ndani yake. Kifungu cha 37 cha Katiba ya Kenya kinawapa haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha maombi kwa amani. Sheria ya Utulivu wa Umma, hata hivyo, inataka mkuu wa kituo cha polisi apewe taarifa si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla ya tukio, na kwa kuwa mtapita maeneo ya vituo vingi, peleka taarifa kwa kila kituo na ubaki na nakala iliyogongwa mhuri.

Swali langu kubwa ni mnakoelekea. Watu wa TIPNIS walikwenda La Paz kwa sababu barabara ilikuwa ya serikali kuu. Mchanga, kwa sehemu kubwa, unasimamiwa na kaunti, na Makueni ilitunga sheria yake ya kuuhifadhi mwaka 2015. Ikiwa anayetoa kibali yuko makao makuu ya kaunti yenu, mtamwacha nyuma yenu siku mtakayoondoka. Wenzetu wa Lamu walifanya kampeni za mitaani dhidi ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, lakini leseni yake ilifutwa Juni 2019 na Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira, hasa kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo.

Mchanga_wa_Mto:
Ahsanteni. Wakili, malori yanaelekea Nairobi, na wanunuzi wako huko, kwa hiyo sijashawishika kuiacha barabara ile. Nitakachopendekeza kikaoni ni kwamba tuanzie kwenye bunge la kaunti kwa ombi la maandishi, kisha tuifuate njia ya malori hadi kwenye maeneo ya ujenzi. Bandarini amenitia wasiwasi kuhusu vijana wanaopakia mchanga, kwa maana wao ndio CONISUR yetu. Je, kuna yeyote aliyewahi kukaa nao kabla ya kuanza kampeni ya aina hii?

Mwl. Rehema:
Kaeni nao kwanza, na mwende na jibu la swali watakalowauliza mapema kabisa, yaani watakula nini mchanga ukizuiwa. Ujenzi wa mabwawa ya mchanga, yaani kuta za kuzuia mchanga mtoni ili uhifadhi maji, ambayo Ukambani mnayafahamu kuliko sisi, unahitaji wapakiaji vilevile.