Mafundi chuma na mafundi sofa ndani ya godauni moja: mpaka tuungue?

Wakuu, nimechoka kunyamaza. Hapa Dar tumepanga godauni moja watu wa kila fani: maseremala, mafundi sofa, wapiga vanishi na mafundi mageti. Mwenye godauni anachojua ni kodi tu. Ukimwomba wakata chuma watengewe sehemu nje, anakujibu, "Mbona siku zote mnafanya kazi na hakijatokea kitu?"

Cheche za grainda ni chembe za chuma cha moto, zinaweza kuruka mita 10. Kwetu, kutoka wanapokatia skwea paipu hadi rundo la sponji hazifiki hatua nne, na katikati yake kuna madebe ya tina (ile ya kuyeyushia rangi na vanishi), mengine hata mfuniko hayana! Mvuke wa tina ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kwa chini mpaka ukutane na moto. Maranda nayo ndiyo balaa zaidi. Cheche ikizama humo haiwaki papo hapo, inafukuta taratibu, na huku nyuma watu wameshafunga kufuli wamekwenda zao. Taratibu za kazi za moto, kama hii ya kukata chuma, zinataka mtu abaki akilinda eneo angalau nusu saa baada ya kukata. Nani anabaki?

Halafu hili la diski. Wamevua kava la grainda ndogo ili diski ya inchi 7 ienee. Grainda ile inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Diski yenyewe imeandikwa mwisho 8,500. Juzi ikapasuka. Kipande kilipita jirani na sikio la kijana aliyekuwa anapiga randa, kikajikita kwenye ubao wa mninga mbele yake. Kijana wa watu akakaa chini anatetemeka. Fundi akafunga diski nyingine, ukubwa uleule, kava bado liko sakafuni, akaendelea na geti la mteja.

Naambiwa nina kiherehere. Sawa. Lakini Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu 2003, na mle ndani hakuna mtungi hata mmoja wa kuzimia moto. Mlango unaofunguka ni mmoja, ule wa pili wameuziba kwa vyuma chakavu.

Aliyewahi kupeleka malalamiko OSHA (wakala wa serikali wa usalama na afya kazini) au Zimamoto anielekeze naanzia wapi, na kama jina la mlalamikaji linafichwa. Picha ninazo.