Tupeane uzoefu: taarifa za maji zinaposomwa hadharani, kuanzia Usangu hadi Pawaga

Mkulima wa Ubaruku
Ndugu zangu, naomba wenye mashamba na mifugo katika Bonde la Rufiji mtueleze mmefaidika na nini, na mmeumizwa na nini, pale taarifa za mgawanyo wa maji zinapowekwa wazi. Kwenye mfereji wetu jumuiya ya watumia maji ilibandika ukutani orodha ya vibali, ikionesha nani ameruhusiwa kuchukua kiasi gani na katika miezi ipi, na hapo ndipo wakulima wa mwisho wa mfereji walipotambua kwamba majaruba yao, yaani vishamba vya mpunga vyenye matuta, yalikauka kwa sababu banio, lango la kuingizia maji mferejini, lilikuwa likifunguliwa usiku nje ya zamu, wala si kwa sababu mto umepungua. Mkutano uliofuata ulikuwa mkali, lakini zamu ziliheshimiwa msimu wote. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inadai kibali, ila kibali ambacho jirani hakioni hakimzuii mtu.

Mwana Madibira
Nakubaliana nawe, mkuu, lakini upande wa pili unauma. Mto Ruaha Mkuu ulianza kukatika wakati wa kiangazi mwaka 1993, na tangu hapo, kila maji yanapopungua kwenye bwawa la umeme la Mtera, lawama humwangukia mkulima wa mpunga na mfugaji. Mwaka 2006 wafugaji wengi waliondolewa Ihefu, ardhioevu ya Usangu. Gazeti moja liliwahi kuandika kiasi cha maji tunachochepusha bila kusema kwamba sehemu yake hurudi mtoni baada ya kupita majarubani, na vijana wetu wakawa wanaitwa waharibifu hadi sokoni.

Dada wa Pawaga
Pole sana, kaka. Sisi tunaotegemea mto Ruaha Mdogo tuko chini, kule maji yanakoelekea, na kwetu ukimya ndio uliotuumiza zaidi. Kimo cha maji huandikwa kwa chaki kwenye ubao karibu na banio, na mtu hukitazama ndipo aamue kama atapanda mpunga ekari zote au atapunguza. Msimu ambao ubao ulibaki mtupu, wengi walisia mbegu kama kawaida na miche ikanyauka kitaluni kabla ya kupandikizwa. Ninachoomba ni taarifa itoke kabla ya kusia, itaje pia maji yanayorudi mtoni kama alivyosema kaka, na isomwe kwa sauti mkutanoni, kwa kuwa mama zetu wengi hawapiti pale ubao ulipo.