Kuzunguka kisiwa cha Korsika (Ufaransa) kwa baiskeli: siku 5 zinatosha?

Kanyagio
Wakuu, naomba mnikosolee ratiba. Tuko wawili, mwanzoni mwa Juni, baiskeli za barabarani, mzigo kilo 8 kila mmoja, tunalala nyumba za wageni. Tunashuka melini Bastia na kumalizia hapohapo. Nimegawa hivi: Bastia–Calvi (kilomita 93), Calvi–Porto (kama 80), Porto–Corte (86), Corte–Zonza kwa kupitia milimani (kama 125), kisha Zonza–Bastia kupitia njia ya mlimani ya Bavella (kama 140). Gia nyepesi kabisa niliyonayo ni meno 36 mbele na 28 nyuma. Tairi milimita 25. Siku ya nne ndiyo inanipa wasiwasi. Na je, tuanze na pwani ya magharibi au mashariki?

MzeeWaMteremko
Mkuu, kwenye kisiwa hicho kilomita zinadanganya. Hesabu mita za kupanda. Mtu mwenye mazoezi na mzigo kama wako hupanda mita 500 hadi 600 kwa saa, basi.

Siku ya tatu inatisha kwenye karatasi kwa sababu unatoka usawa wa bahari Porto hadi Col de Vergio (col ni njia inayokatiza mlimani), mita 1,477. Lakini mpando huo umetandazwa kwenye kilomita thelathini na kitu, wastani asilimia 4 na ushee. Saa mbili na nusu au tatu, umefika, na baada ya hapo hadi Corte sehemu kubwa ni kuteremka.

Ya nne ndiyo mtego. Unapanda Col de Sorba (1,311), unateremka hadi Ghisoni na kupoteza nusu ya ulichopanda, unapanda tena Col de Verde (1,289), unashuka Zicavo, halafu Vaccia (1,193) inakusubiri jioni miguu ikiwa imekwisha. Ikate Zicavo. Kesho yake Zicavo–Solenzara kupitia Bavella, kama kilomita 85, na siku ya sita unarudi Bastia, tambarare tupu.

Gia badilisha kabla ya safari. Kwenye mpando wa asilimia 7 na mzigo utakwenda kama kilomita 9 kwa saa. Kwa 36 na 28 maana yake miguu inazunguka mara 55 kwa dakika, na magoti yatalipa siku ya tano. Kwa 34 na 34 inazunguka mara 70. Angalia tu kama direla yako ya nyuma (kifaa kinachohamisha mnyororo kati ya gia) inakubali meno 34, na ununue mnyororo mrefu zaidi. Ukiacha ule wa zamani, siku utakayoweka gia kubwa mbele na kubwa nyuma kwa bahati mbaya, utang'oa direla.

Spoku32
Anzeni magharibi. Huko wanaendesha upande wa kulia, kwa hiyo mkishuka kusini mnakuwa upande wa bahari: mandhari yote yenu, na hambanwi kwenye ukuta wa mwamba na magari ya kulala ya watalii. Tour de France ya 2013 ilipita barabara hiyo kinyume, Ajaccio hadi Calvi, lakini kwao barabara ilifungwa, magari hayakupita!

Milimita 25 ni nyembamba. Wekeni 28 au 30 kama fremu ina nafasi, maana lami ya kule ina viraka. Kama breki zenu ni za kubana rimu, msizishikilie mfululizo mkitoka Bavella. Rimu inachemka, tyubu inapasuka. Bana kwa nguvu kabla ya kona, achia, iache ipoe. Beba pedi za akiba, na kile kipande kidogo kinachoshikilia direla kwenye fremu. Kila muundo wa baiskeli una chake, na huwezi kukipata kijijini.

Kanyagio
Nimeelewa. Maji na chakula je? Na njia, itatosha kufuata vibao?

Mnyororo_Mkavu
Vibao vina lugha mbili, na mara nyingi jina la Kifaransa limepakwa rangi nyeusi. Andika yote mawili: Corte ni Corti, Porto ni Portu, Vergio ni Verghju. Usipofanya hivyo utasimama njia panda ukitazama ramani bure.

Maduka ya vijijini hufungwa mchana kwa saa kadhaa, kwa hiyo nunua asubuhi kabla ya kupanda. Beba chupa mbili. Vijiji vingi vina chemchemi, ila ukiona kibao cha *eau non potable* (maji yasiyofaa kunywa) usinywe.

Kwenye msitu wa Vergio nguruwe na ng'ombe hulala barabarani, hata katikati ya kona. Ukiona kinyesi kibichi kwenye lami, punguza mwendo papo hapo.

Kuhusu kuanzia magharibi nakubali, ila upepo uitwao libeccio huvuma kutoka kusini-magharibi, yaani usoni kwenu Calvi–Porto. Ondokeni alfajiri. Na msitegemee treni kuwaokoa siku ya mwisho: reli ya pwani ya mashariki iliharibiwa mwaka 1943, haikujengwa tena. Barabara kuu ya pwani hiyo, T10, ina magari mengi, taa ya nyuma iwake hata mchana.

Kanyagio
Basi siku 6, tunalala Zicavo. 34 kwa 34 naagiza leo.