Shuggie Otis, Inspiration Information (1974): upande wa pili unasikilizwaje?

SanturiNaChai

Wadau, salaam. Nina nakala ya Inspiration Information ya Shuggie Otis, ile ya kampuni ya Epic ya 1974, namba KE 33059. Wimbo wa kwanza ni moto wa kuotea mbali. Tatizo linaanza nikigeuza sahani. Upande wa pili karibu hauna kuimba, ngoma zinalia kama kimashine cha ogani ya kanisani, na nyimbo zinakatika kabla hazijafika popote. Hata hivyo wapenzi wa soul ninaowaheshimu wanauweka juu kuliko upande wa kwanza. Wanasikia nini?

La pili: kwenye simu nyimbo zinachangamka, lakini kwenye kicheza santuri changu zinalegea na sauti ya Shuggie inakuwa nzito kama ya mtu mzima sana. Mashine ilitoka Marekani, naiwasha kupitia transfoma ya 240 kwenda 110. Sindano ni mpya.

La tatu: pale Kenyatta Market, Nairobi, kuna nakala nyingine yenye jalada tofauti na nyimbo 13. Inafaa kununuliwa ikiwa ninayo hii?

FundiPuli

Dada, tuanze na la pili, kwa sababu mwendo usipokuwa sawa huwezi kuihukumu albamu hii hata kidogo.

Transfoma inashusha volti peke yake. Haigusi hezi, yaani idadi ya mara umeme unavyogeuka mbele na nyuma kwa sekunde. Umeme wa Marekani ni hezi 60, wetu ni hezi 50, na vicheza santuri vingi vya kule vya miaka ya sabini vina mota inayofuata hezi za ukutani. Hezi zikipungua kutoka 60 hadi 50, mota nayo inapungua kwa kiasi hichohicho, na sahani inayopaswa kuzunguka mara 33⅓ kwa dakika inazunguka chini kidogo ya 28. Wimbo wa dakika nne unachukua karibu dakika tano. Sauti inashuka semitoni (hatua ndogo kabisa za kinanda) tatu na ushee, yaani kilichopigwa katika A kinasikika chini kidogo ya F#. Ndiyo maana kijana wa miaka 20 anaimba kama babu.

Hakikisha kabla ya kutumia hela. Bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, weka sindano juu ya santuri kama kawaida (mzigo wa sindano nao unahesabika), kisha hesabu karatasi inapita mara ngapi kwa dakika tatu kamili. Ikiwa sawa ni 100. Ikiwa ni hezi, utapata 83. Usihesabu dakika moja: ukikosea nusu mzunguko hapo, kosa ni asilimia moja na nusu, na sikio zuri linalisikia. Kwa dakika tatu, kosa hilohilo ni nusu asilimia.

Ukipata namba nyingine, mfano 96 leo na 92 kesho, basi si hezi bali mkanda umelegea au mafuta ya mhimili yameganda. Mkanda mpya na tone moja la mafuta ya cherehani vinatosha. Na kama mashine yako ina mota ya DC, yaani ya umeme wa mkondo mmoja kama wa betri, hezi haziihusu kabisa. Hiyo ina skrubu ya kurekebisha mwendo, mara nyingi chini ya kiwiliwili au kwenye mota yenyewe.

BesiKwanza

Nakubaliana na fundi, rekebisha mwendo kwanza. Hata hivyo swali la kwanza linastahili jibu refu, kwa sababu wengi wanaiacha albamu hii palepale ulipofikia.

Shuggie alizaliwa 1953, mwana wa Johnny Otis, mwanamuziki na kiongozi wa bendi wa siku nyingi huko Los Angeles. Kwenye albamu hii alipiga karibu kila kitu mwenyewe: gitaa, besi, ngoma, ogani, piano. Nyuzi na tarumbeta walipiga watu wengine, ila mpangilio aliuandika yeye. Sasa fikiria maana yake studio. Hakuna bendi inayotazamana. Mtu mmoja anarekodi tabaka moja, anarudisha tepu, anaongeza jingine juu yake. Anahitaji kitu cha kushikilia mapigo kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kuchoka, na hapo ndipo kile kimashine kinapoingia. Ni Maestro Rhythm King, sanduku lenye vitufe vya midundo iliyopangwa tayari kiwandani, pamoja na kidhibiti cha kasi. Mwanamuziki Sly Stone alikitumia mapema zaidi kwenye albamu ya There's a Riot Goin' On ya 1971.

Kimashine hicho hakikufuati wewe. Mpiga ngoma wa kawaida akisikia besi inavuta nyuma, naye anavuta. Rhythm King hainyumbuliki, kwa hiyo uhai wote wa wimbo unabebwa na vidole vya Shuggie: anachelewa kidogo hapa, anawahi pale, halafu anarudi mahali pake. Hilo pengo jembamba kati ya mashine na binadamu ndilo upande wa pili unalolichunguza. Ukiusubiria kiitikio, utaona hauna kitu.

Kwa hiyo usikilize hivi. Usianze na upande wa pili wenyewe, anza na wimbo wa mwisho wa upande wa kwanza, Aht Uh Mi Hed. Huo ndio daraja: kimashine kipo, sauti ipo, nyuzi zipo, na unaweza kusikia jinsi nyuzi zinavyopanuka huku mdundo ukibaki uleule mdogo, mkavu. Ukishauzoea, geuza. Happy House ni dakika moja na ushee, uchukulie kama mlango tu. Rainy Day ni gitaa linaloongea polepole juu ya nyuzi. Ndiyo ambayo Beyoncé aliichukua kwa ajili ya Gift from Virgo mwaka 2003, na ukiusikia wimbo huo utaona kwamba gitaa lilikuwa limeacha nafasi ya mwimbaji muda wote. XL-30 ndiyo inayowachanganya watu zaidi. Ipe masikio ya chini: fuata besi peke yake mara ya kwanza, mara ya pili fuata ogani, mara ya tatu kimashine. Pling! ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na sioni kwamba haijamalizika. Ni wimbo wa soul ambao mwimbaji ameondolewa kwa makusudi, ukabaki mwendo wa hewa kati ya noti.

Kuhusu kukatika: hizi si nyimbo zilizoishiwa. Albamu nzima ina dakika thelathini na kitu. Sparkle City pekee, upande wa kwanza, inapita dakika saba, na inakaa muda mrefu kabla sauti haijaingia. Aliyejua kurefusha vile alijua pia kukata.

Jambo la mwisho, na tafadhali lizingatie. Zima kile kitufe cha kuongeza besi kwenye amplifaya, na urudishe zile slaida za kurekebisha sauti katikati. Mpangilio wa umbo la V, besi na sauti nyembamba zimepandishwa na katikati shimo, unaiua albamu hii, maana gitaa, sauti na ule mkwaruzo wa kimashine vyote vinakaa katikati. Spika ya simu nayo ina kosa la upande mwingine: besi haipo, na ukiondoa besi kwenye XL-30 umeondoa wimbo.

Jioni_Eastlands

BesiKwanza, kwa heshima zote, upande wa kwanza bado ni bora. Island Letter ina kila kitu ulichokisifu, na bado mtu anaimba. Ukimpa upande wa pili mgeni aliyelelewa na nyimbo za soul za Al Green, au za Slim Ali na Hodi Boys hapa kwetu Kenya, atakuuliza kama mwimbaji alichelewa basi.

Ninachoongeza ni kwa nini ilipuuzwa. Watu wanaijua Strawberry Letter 23 ya kundi la Brothers Johnson, iliyotayarishwa na Quincy Jones na kufika nambari tano Marekani mwaka 1977. Wakigundua kuwa mtunzi ni Shuggie, wanakimbilia albamu hii kuutafuta wimbo huo na hawaukuti, kwa sababu yeye aliutoa 1971 kwenye Freedom Flight. Halafu baada ya 1974 hakutoa albamu mpya kwa miaka mingi mno. Msanii asiye na albamu inayofuata hana wa kumkumbushia ile iliyotangulia.

BesiKwanza

Island Letter sina ubishi nayo. Lakini sikiliza nusu yake ya pili, sauti ikishanyamaza: pale Shuggie tayari ameshaingia upande wa pili wa sahani. Mgeni wa Al Green mpe hiyo kwanza.

SanturiNaChai

Asanteni sana. Nimehesabu: 83. Mashine ni ya mkanda, na mota ina puli ya shaba, kile kigurudumu kinachovuta mkanda. Naweza kutengenezewa puli hapa mjini?

FundiPuli

Basi ni hezi, hakuna mjadala. Ulizia kwanza puli ya hezi 50 ya modeli yako, viwanda vingi vilitengeneza zote mbili. Ikikosekana, fundi wa leithi, mashine ya kuchonga vyuma, anachonga. Kariobangi Light Industries wapo wengi. Ila usimwambie tu "iongeze asilimia ishirini", kwa sababu mkanda nao una unene na unahesabika.

Pima kipenyo cha puli kwa venia (kipimo cha chuma cha kubana), pima unene wa mkanda. Jumlisha vyote viwili, zidisha kwa 1.2, kisha toa unene wa mkanda. Mfano: puli milimita 10, mkanda milimita 0.6. Jumla 10.6, mara 1.2 ni 12.72, toa 0.6, unapata 12.12. Ungechonga 12 kavu, sahani ingebaki nyuma kwa karibu asilimia moja. Kama puli ina ngazi mbili, ya 33 na ya 45, kila ngazi ipigiwe hesabu yake.

Mwambie mambo mawili. Tundu la katikati litobolewe na uso wa nje uchongwe bila kuitoa kazi kwenye mashine, vinginevyo puli itayumba, na noti ndefu za ogani zitapanda na kushuka kila mzunguko wa mota. Pia asisahau kale kaumbo ka mgongo wa pipa, katikati pakiwa panene kidogo kuliko pembeni. Ndiko kanakozuia mkanda kuteleza na kutoka. Shaba au alumini, zote sawa.

Transfoma endelea kuitumia. Mota iliyofungwa kwa hezi 60 ikila hezi 50 inapata joto zaidi, hivyo baada ya nusu saa iguse. Vuguvugu ni kawaida. Ikikuchoma vidole, izime umwone fundi wa umeme.

Mama_Kanda

Hilo la nakala naliweza. Yenye nyimbo 13 ni toleo la kampuni ya Luaka Bop la 2001: zile tisa za asili, na mwishoni nne kutoka Freedom Flight, ikiwemo Strawberry Letter 23. Lipo pia toleo la 2013 lenye diski mbili, la pili linaitwa Wings of Love na lina rekodi za baadaye ambazo hazikuwahi kutoka. Mwanangu, kama ya 1974 yako ni nzima, baki nayo, na ya 2001 inunue ukiitaka Strawberry Letter 23 ya mtunzi mwenyewe. Mtu asiye na yoyote aanze na hiyo ya 2001.

Kabla ya kulipa, itoe sahani nje ya kibanda uitazame juani kwa kuilaza upande. Michirizi myepesi ya nywele si neno. Mchubuko unaonaswa na ukucha utapiga paa kila mzunguko. Kisha ilaze usawa wa jicho uone kama imepinda, kwa sababu nyingi ziliachwa ndani ya gari juani. Mwisho omba upigiwe wimbo wa mwisho wa upande mmojawapo, karibu na lebo. Mifereji ya pale ndani ndiyo inayochakaa kwanza, na sauti ikikwaruza kila inapopanda, sindano butu ilishapita humo. Hakuna kuosha kutakakoirudisha.

Vumbi la Nairobi ni jekundu na lina mchanga, kwa hiyo usipanguse sahani ikiwa kavu, utausagia mchanga ndani ya mifereji. Changanya mililita 750 za maji yaliyotoneshwa na 250 za spiriti ya isopropili, na matone mawili ya sabuni ya vyombo isiyo na rangi. Maji hayo yanauzwa vituo vya petroli kama maji ya betri, lakini soma lebo mara mbili: pembeni yake inakaa chupa ya asidi ya betri inayofanana nayo. Tumia brashi laini au kitambaa cha miwani, ufuate mzunguko wa mifereji, usikate kwenda katikati. Suuza kwa maji matupu yaliyotoneshwa, lebo usiiloweshe, kisha isimamishe ikauke. Mchanganyiko huu ni wa vinili. Zile santuri nzito za mizunguko 78 zimetengenezwa kwa lak (shellac), na spiriti inaziyeyusha.

Na hiyo sindano mpya, uzito wake umepimwa? Katriji (kichwa kinachobeba sindano) nyingi za kawaida zinataka karibu gramu 2, angalia karatasi yake. Mizani ndogo ya vito inatosha. Watu huogopa uzito wakaweka gramu moja, wakidhani wanaitunza sahani, kumbe sindano inarukaruka mferejini na kuubomoa. Kwenye albamu hii utaisikia kwanza kwenye nyuzi za Aht Uh Mi Hed, zikipiga mchakacho badala ya kutandaa.